Nyaya Mbili za Stendi

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, wengi mmeniuliza habari za gari nililojiundia hapa Uingereza. Jambo hili si geni. Mwaka 1946, huko Surbiton, Charles Cooper na mwanawe John waliunda gari dogo la mashindano, wakaliwekea nyuma ya dereva injini ya pikipiki ya JAP, sentimita za ujazo 500. Cheche ilitoka kwenye magneto. Nyaya zilikuwa chache mno.

Injini yangu ilitoka kwenye pikipiki ya kisasa iliyopata ajali. Iliwaka vizuri, lakini kila nilipoingiza gia ilizimika. Nilifungua kabureta, nikabadili plagi, akiba ikaisha, nikakaribia kuliuza gari kwa bei ya chuma chakavu. Ndipo nikamkumbuka marehemu mwalimu wetu wa ufundi: usifungue kitu kabla ya kuufuata umeme. Nikashika taa ya kupimia, nikakuta nyaya mbili za swichi ya stendi zinaning'inia. Pikipiki hiyo hukataa kwenda stendi ikiwa chini. Nayo gari haina stendi! Nikaziunga, tukaondoka.

Akina Cooper hawakuwa na swichi hiyo. Sisi turithio mitambo ya wenzetu, yatupasa kujua kila waya uliwekewa nini.