Mwenye Njia na Mwenye Mzigo: Historia ya Mtandao Mwambao wa Mweru

Julai 2014, Zambia ikawa nchi ya kwanza duniani kuletewa programu ya Internet.org, mradi wa Facebook ulioingia nchini kwa mkono wa kampuni ya simu ya Airtel. Mteja alifunguliwa huduma 13 bila kukatwa salio: Facebook yenyewe na Messenger, Wikipedia, hali ya hewa, tovuti ya kutafuta ajira, mafunzo ya afya ya mama mjamzito, na utafutaji wa Google. Huu wa mwisho unastahili kutazamwa kwa makini. Mtu wa Kafutuma, mwambao wa Nchelenge, aliweza kuandika swali lake na kuletewa orodha ya majibu bure. Alipoligusa jibu lenyewe, aliambiwa kuwa kuanzia hapo atalipia data. Wanasheria wa Marekani wameubishania usawa wa mtandao, yaani kanuni kwamba mwenye njia asibague maudhui yanayopita humo, tangu msomi wa sheria Tim Wu alipoupa jina mwaka 2003, na tume yao ya mawasiliano imeweka kanuni, ikazifuta, ikazirudisha, hadi mahakama ikazitupa mwaka 2025. Lakini kwa watu wa Ziwa Mweru suala hili lilifika katika umbo la zawadi, na ndiyo maana lilichukua miaka kuonekana kuwa ni suala.

Bonde la Mto Luapula, unaoingia katika ziwa hilo, lina kumbukumbu ndefu ya watu walioishi kwa kushika njia. Mwata Kazembe, kama watawala wa bonde hilo walivyoitwa kizazi baada ya kizazi, alikaa katikati ya biashara ya pembe na shaba iliyounganisha bahari mbili, na aliijua thamani ya mahali alipokaa. Mwaka 1798 Mreno Lacerda alifika kwake kutoka Tete akitafuta njia ya kuvuka hadi Angola. Alifia huko, na msafara wake haukuruhusiwa kusonga mbele. Wafanyabiashara Pedro João Baptista na Amaro José, waliotoka upande wa Angola, walikwamishwa kwa Kazembe miaka minne kuanzia 1806. David Livingstone alipofika hapo Novemba 1867, mwezi ule ule alioliona Ziwa Mweru, alimkuta Muhammad bin Salih, mfanyabiashara kutoka upande wa pwani, akiwa amezuiwa kuondoka kwa miaka mingi. Mwata hakuichukia biashara, aliitaka sana. Alichokishikilia ni haki ya kuamua nani apite, lini, na auze kwa nani kwanza. Uamuzi huo ulimpa utajiri, na ulimpa pia maadui: mwaka 1872 watu wa pwani waliingilia kwa bunduki ugomvi wa kugombea kiti cha Mwata, na Mwata aliyekuwa akitawala akauawa.

Karne ya 20 ilileta wenye njia wa aina nyingine. Migodi ya Katanga ilihitaji chakula, na wafanyabiashara wa Kigiriki waliojikita Kasenga, ng'ambo ya Luapula, walinunua samaki wa mto na wa ziwa kwa ajili ya mji wa Elisabethville. Wao ndio waliokuwa na barafu na boti. Samaki hangoji: asiyeuza leo, kesho ana mzigo ulioharibika. Kwa hiyo mvuvi aliyekuwa huru kuvua apendavyo hakuwa huru kuchagua soko, na soko lilipomtaka samaki aitwaye mpumbu kwa wingi, mpumbu alivuliwa hata alipokuwa akipanda mto kutaga, hadi alipoadimika katika miaka ya 1940. Mwenye usafiri akiwa pia ndiye mwenye soko, huathiri kinachozalishwa na kinachosalia, na hahitaji kumkataza mtu chochote.

Mradi wa 2014 ulifuata mpango huo huo. Internet.org, iliyobadilishwa jina mwaka 2015 kuwa Free Basics, haikuzuia tovuti yoyote. Iliweka bei mbili tu: sifuri kwa waliomo, na bei ya kawaida kwa wengine wote. Kijana wa Mansa aliyetaka kuanzisha tovuti ya bei za samaki, au redio ya jamii iliyotaka kurusha habari kwa Kibemba, alijikuta anashindana na kampuni ya California ambayo wasomaji wake hawalipi ngwee moja. Mwaka 2017 watafiti wa Global Voices waliipima huduma hiyo katika nchi sita, Kenya ikiwamo, na kukuta kwamba haikukidhi mahitaji ya lugha ya watu iliyodai kuwahudumia, na kwamba maudhui ya makampuni ya nje yalitawala. Tanzania ilikwisha kuipokea kupitia Tigo mwishoni mwa 2014. India ilifikiri tofauti: tarehe 8 Februari 2016 mdhibiti wake alipiga marufuku bei za data zinazobagua maudhui, na Free Basics ikafungwa huko.

Watetezi wa mradi wana hoja nzito, na ingekuwa dhuluma kuipuuza. Mama mjamzito asiye na kwacha ya bando alipata maelezo ya afya ambayo asingeyapata. Nusu mkate, wanasema, ni bora kuliko njaa. Nakubali kwamba maelezo yale yalikuwa na faida. Lakini bei sifuri ingeweza kutolewa bila kuchagua maudhui: megabaiti chache za bure kila siku, mteja azitumie anavyotaka, kwa Wikipedia au kwa ujumbe wa shangazi aliyeko Pweto. Gharama kwa mtandao ni ile ile. Njia hiyo ikiwapo, uchaguzi wa maudhui hauwezi kuelezwa kwa huruma kwa maskini peke yake. Ulikuwa pia njia ya kujenga soko la Facebook.

Hatari kubwa zaidi ilijitokeza baadaye. Agosti 2018 Baraza la Mawaziri la Zambia lilitangaza tozo ya ngwee 30 kwa siku kwa anayepiga simu kupitia intaneti, kwa maelezo kwamba inalinda ajira katika kampuni za simu. Uganda ilikuwa imeanza mwezi mmoja kabla kutoza shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii. Tozo kama hiyo inafikirika tu pale ambapo umma umekwisha kuzoea kununua mtandao kwa vipande vyenye majina: kipande cha WhatsApp, kipande cha Facebook. Kisha ikaja tarehe 12 Agosti 2021, siku ya uchaguzi mkuu, WhatsApp ikazuiwa, na mitandao mingine ikafuata. Shirika la Chapter One Foundation lilikwenda Mahakama Kuu, mahakama ikaamuru huduma zirudishwe, na Machi 2022 mdhibiti wa mawasiliano, ZICTA, akafungwa na hukumu ya makubaliano: asikatize intaneti nje ya sheria, na akikatiza aueleze umma sababu ndani ya saa 36.

Hapo kuna pingamizi: WhatsApp inaweza kuzibwa hata mahali ambapo kila data inauzwa kwa bei moja. Ni kweli. Lakini tazama nani alibaki na njia ya kuponea siku ile. Mwenye bando la jumla aliweza kuwasha VPN na kupita pembeni. Mwenye bando la WhatsApp hakuweza, kwa sababu VPN si WhatsApp, na bando lake linaitambua WhatsApp peke yake. Mtu aliyekuwa maskini kiasi cha kununua mtandao wa kipande ndiye aliyenyimwa hata mlango wa nyuma. Kwa mchuuzi wa Kashikishi anayepokea bei za Kitwe kwa WhatsApp, hiyo ilikuwa ni kupoteza soko lote kwa wakati mmoja.

Pingamizi la pili ni la gharama. Minara ya Luapula ni ghali, wateja wametawanyika, na serikali yenyewe imelazimika kuijenga mingi vijijini kwa fedha za umma na mikopo ya China. Kampuni, inasemwa, lazima ziachiwe uhuru wa kupanga bei. Zipange. Lori la samaki likifika kwenye kituo cha ushuru wa barabara hulipa kwa ukubwa wake, na hakuna mlinzi anayeuliza samaki ni wa nani. Kuuza data nyingi kwa bei kubwa na data ya kasi kwa bei kubwa zaidi hakuna dhuluma. Dhuluma huanza mlinzi anapofungua turubai. Na kwa kuwa sehemu ya minara imesimama kwa pesa za wananchi wote, dai la kampuni kwamba njia ni yao peke yao ni dhaifu zaidi Nchelenge kuliko Lusaka.

Hukumu ya 2022 inamfunga mdhibiti anapotaka kukata intaneti, lakini bei haikuzigusa. Kampuni ya simu bado inaweza kuuza WhatsApp ya bei rahisi kando ya intaneti ya bei ghali mwambao mzima, na sheria ya mawasiliano ya 2009 iko mikononi mwa mdhibiti yule yule aliyepelekwa mahakamani. Jambo linalowezekana mara moja ni dogo na la wazi: ZICTA iagize kwamba kila punguzo linalotolewa kwa huduma yenye jina litolewe kwa data yote, kwa kiasi kile kile.