Mwamuzi Asiyeonekana

Kutunga sheria ya mchezo si kazi ngumu. Kazi ni kumpata atakayemkamata mvunjaji, na kumkamata kwa haki. Tazama bao la kete. Kete 64 huzunguka katika mashimo 32 mbele ya macho ya watu. Mwenye mkono mwepesi akificha kete moja, wazee walioketi pembeni humkemea papo hapo. Watazamaji ndio mahakama, na kesi huisha kabla chai haijapoa.

Mambo yalibadilika pale udanganyifu ulipoanza kujificha mahali pasipofikiwa na jicho. Sisi Watanzania tulijifunza hilo katika mpira wa vijana. Mwaka 2005 Serengeti Boys walikuwa wamefuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 zilizofanyika Gambia. Wakaenguliwa kwa kumchezesha aliyezidi umri, na nafasi yao wakapewa Zimbabwe. Vijana wenye umri halali nao walibaki nyumbani, wakilipa deni wasilolikopa.

Mwaka 2009 FIFA ilianza kutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana hao kule Nigeria, kwa kuwa mfupa hausomi cheti cha kuzaliwa. Kisha ikaja zamu yetu ya kulalamika. Kongo Brazzaville walitutoa kwa faida ya bao la ugenini, nasi tukahoji umri wa mchezaji wao mmoja. Aliitwa kupimwa, hakufika. Februari 2017 CAF iliwaondoa Kongo, na vijana wetu wakaenda Gabon.

Leo vijana wa hapa Ilomba hucheza kwenye simu na wenzao wa nchi wasizozijua, na hakuna mzee aliyeketi pembeni. Zipo programu za kando zinazomlengea mchezaji shabaha, na nyingine zinazomchezea hata akiwa amelala. Iliyovuma sana ni Glider, iliyotumika katika World of Warcraft. Mwenye mchezo, kampuni ya Blizzard, aliweka programu ya ulinzi iitwayo Warden. Muuza Glider akatafuta njia ya kuikwepa. Desemba 2010 mahakama ya rufani ya Marekani iliamua kwamba kuvunja masharti hayo ya mchezo hakukuwa kuvunja hakimiliki, ila kuuza chombo cha kumkwepa mlinzi huyo kulikuwa kosa. Korea Kusini ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2016 ilipitisha sheria ya kumwadhibu kwa jinai mtengenezaji wa programu za namna hiyo.

Siwaonei huruma wauzaji wa hila. Anayeshinda kwa chombo cha kando amemwibia mwenzake saa za mazoezi. Linalonikera ni jambo jingine. Katika michezo hii mwenye mchezo ndiye mtunga sheria, ndiye polisi, ndiye hakimu. Kijana anaweza kuamka akute amefungiwa, na ujumbe wa mstari mmoja usiotaja kosa lenyewe.

Katika vyuo vya ualimu tulikuwa na utaratibu. Mwanachuo aliyeshukiwa kuingia na karatasi katika chumba cha mtihani aliitwa, akaonyeshwa karatasi hiyo, akapewa nafasi ya kujieleza, ndipo kamati ikaamua. Utaratibu huo haukuwapunguzia adhabu wenye hatia. Uliwalinda wasio na hatia, na uliwafanya wengine wote waiamini hukumu.

Yule kijana wa Kongo naye aliitwa kwanza. Huo ndio msingi wa uamuzi ule, mbali na furaha yetu. Mashine na ipewe kazi ya kushuku, maana huona mengi kuliko jicho. Lakini kabla ya kumtoa mchezaji nje, amwite mtu, amweleze kosa, amsikilize.