Sifuri Yenye Maana Mbili

Istilahi moja ibebe dhana moja: hiyo ndiyo kanuni tuifuatayo. Historia fupi ya mfumo endeshi wa Linux yaonyesha hasara ya kuikiuka.

Kiini cha mfumo huo hukilaza kifaa kisichotumika ili kupunguza matumizi ya umeme. Kabla ya kukilaza, huangalia kikomo cha kungoja, yaani muda unaoweza kuvumiliwa hadi kifaa kiamke, ukihesabiwa kwa mikrosekunde. Kadiri kikomo kilivyo kidogo, ndivyo sharti lilivyo kali. Hata hivyo 0, iliyopaswa kuwa kali kuliko zote, ndiyo iliyowekwa tangu awali kwa maana ya "hakuna sharti".

Mwaka 2017 watunzaji wa kiini walianza kuzitenganisha maana hizo. Lakini vifaa visivyotangaza kikomo chochote viliendelea kuhesabiwa 0, ambayo sasa ilisomwa "usingojwe hata kidogo". Basi havikulazwa tena, na matumizi ya umeme yakapanda. Mwishoni mwa Oktoba badiliko hilo liliondolewa. Likarudi, likiwa limesahihishwa, katika toleo la 4.15 la Januari 2018. Humo, kifaa kisichotamka lolote huhesabiwa hakina sharti.

Kwa wafasiri na walimu funzo ni bayana. Twapendekeza "bila kikomo" na "bila kungoja" kwa dhana hizo mbili, wala "sifuri" isiachwe peke yake. Ndivyo ilivyo hata katika fomu za serikali: nafasi iliyoachwa wazi si sifuri, na asiyelitofautisha hilo humwandikia mwananchi jibu ambalo hakulitoa.