Saa Kumi Alfajiri Pale Mukono

Kiganda kina kitenzi kimoja, okusoma, kinachofanya kazi mbili: kusoma maandishi na kusali kanisani. Ndiyo maana Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa wasomaji. Wakikuyu nao waliwapa wa kwao jina lenye maana hiyohiyo, athomi. Aliyetaka kubatizwa alianza kwa kushika kitabu.

Kitabu chenyewe kilikuwa na umbo la ajabu. Biblia nzima ya Kiganda ilitoka mwaka 1896, kazi ya Mwairishi George Pilkington akisaidiwa na Henry Wright Duta Kitakule. Ilichapwa fupi na nene mfano wa tofali, ili itoshe ndani ya kopo la biskuti za Huntley & Palmers. Mchwa wa Uganda hawakuwa na heshima kwa Maandiko; bati liliwashinda.

Miaka mitatu kabla ya Biblia hiyo kutoka, mfasiri wake nusura aache utume. Alikuwa akiyashughulikia Maandiko kutwa kucha, lakini ndani alikuwa mkavu. Mwaka 1893 alijitenga katika kisiwa cha Kome, Ziwa Victoria, akiwa na kijitabu cha mhubiri mmoja Mtamil wa India. Akasoma, akaomba. Aliporudi kituoni Mengo mwezi Desemba, wenzake walimwona amekuwa mtu mwingine, na mikutano iliyofuata ikafurika watu.

Kufikia miaka ya 1920 moto ule ulikuwa umebaki makaa. Ukristo ulishakuwa heshima ya mjini, na cheti cha ubatizo kiliandamana na shule na cheo.

Ndipo Septemba 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, alipofika Kampala akiwa hoi na mwenye kiu ya kiroho. Alitokea Gahini, mashariki mwa Rwanda, ambako hospitali yake changa ilikuwa imeelemewa na njaa kali. Kwenye kilima cha Namirembe alimkuta Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali katika idara ya afya, amesimama kando ya pikipiki yake. Nsibambi naye alikuwa na kiu ileile. Kwa siku mbili wawili hao waliketi na Biblia, wakifuatilia andiko kwa andiko kila linalosemwa juu ya Roho Mtakatifu, kisha wakipiga magoti. Hapakuwa na hema wala kwaya. Baadaye Nsibambi aliacha kazi ya serikali, akavua na viatu, akawa anahubiri pekupeku mitaani Kampala.

Kule Gahini mambo hayakubadilika kwa siku moja. Yosiya Kinuka, kiongozi wa watumishi wa hospitali, alikuwa amechoshwa na kazi na Wazungu wake. Alikwenda Kampala, akammwagia Nsibambi malalamiko yote. Alitarajia pole, akaambiwa kwamba tatizo lilikuwa dhambi iliyomo moyoni mwake mwenyewe. Alirudi Rwanda akilitafakari jibu hilo njia nzima, na alipofika alikuwa amekata shauri.

Mwishoni mwa Desemba 1933 watu wa Gahini walikusanyika siku kadhaa kwa maombi na mafunzo ya Biblia. Siku ya mwisho mmoja alisimama akaungama, akafuata mwingine, na ikapita zaidi ya saa mbili kabla kikao hakijatulia. Tangu hapo utaratibu ukajijenga: kuamka mapema, kusoma sehemu ya Maandiko kwa pamoja, kuomba, kisha kila mtu kusema yaliyomo moyoni bila kuficha. Ndugu waliookoka waliita hivyo kutembea nuruni. Waliokuwa wameiba walirudisha. Januari 1936 Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi na mwalimu wa Gahini, alifariki kwa homa, na neno alilolisisitiza, Zukuka, yaani amka, likawa wito wa jubilei ya kanisa la Uganda mwaka 1937.

Kuamka huko ndiko kulikoleta balaa Mukono. Katika chuo cha theolojia cha Bishop Tucker, William Nagenda na wenzake walikuwa wanaondoka kitandani saa kumi alfajiri kuomba na kuhubiri. Haki ya mkuu wa chuo nayo isemwe: aliyewahi kulala jirani na kesha anajua. Lakini ugomvi haukuwa wa usingizi tu, kwa kuwa vijana hao waliwashutumu wazi hata walimu wao kwa kuilegeza Biblia. Mkutano wa alfajiri ukapigwa marufuku, wakakaidi, na mwaka 1941 wanafunzi 26 wakafukuzwa.

Ajabu ni kwamba hawakuanzisha kanisa lao. Walibaki Waanglikana, wakiwa mwiba na dawa kwa wakati mmoja. Nagenda hakupata upadri kamwe, lakini alihubiri hadi India na Brazil. Uamsho wao ulishavuka mpaka kuingia Tanganyika na Kenya. Ulimgusa Josiah Kibira wa Bukoba, aliyekuja kuwa askofu wa Kilutheri na rais wa shirikisho la Walutheri duniani, na Janani Luwum, askofu mkuu wa Uganda aliyeuawa mwaka 1977 chini ya Idi Amin.

Wimbo wao, Tukutendereza, ulisafiri nao bila kutafsiriwa. Mpaka leo msibani kule Murang'a utawasikia kina mama wasiojua hata kununua ndizi kwa Kiganda wakiuimba kwa Kiganda, bila kitabu mkononi.