Cheti cha Daktari na Kabati la Nyumbani: Uraibu wa Dawa za Maumivu Nchini Marekani

Historia ya matumizi mabaya ya dawa za maumivu nchini Marekani hupotoshwa inapoanzia kwa muuzaji wa kichochoroni, kwa kuwa dawa zilizofungua njia ya maafa zilitoka kwanza kwa cheti cha daktari. Dawa hizo, ziitwazo opioidi, hutokana na afyuni, yaani utomvu wa mpopi, au hutengenezwa maabarani zifanye kazi kama afyuni. Hutuliza maumivu, hupunguza kasi ya kupumua, na mwili ukizizoea hudai kipimo kikubwa zaidi. Nchi hiyo ilikwisha kuonja shubiri ya dawa hizo katika karne ya 19, mofini ilipotolewa kiholela, na Sheria ya Harrison ya mwaka 1914, iliyodhibiti afyuni na dawa zitokanazo nayo, ikawafanya madaktari kuziogopa dawa hizo kwa miongo mingi.

Woga huo ulilegezwa kwa hoja ambazo baadhi yake zilikuwa za haki, maana wagonjwa wengi wa saratani waliachwa wateseke bure. Lakini ushahidi uliotumika kuzihamishia dawa hizo kwenye maumivu ya mgongo ulikuwa mwembamba mno. Mwaka 1980 watafiti Jane Porter na Hershel Jick walichapisha katika jarida la tiba barua ya aya moja, iliyosema kwamba miongoni mwa wagonjwa 11,882 waliopewa dawa hizo hospitalini, walioingia katika uraibu walikuwa wanne tu. Barua haikuwagusa watu wanaomeza vidonge nyumbani kwa miezi, na bado ilinukuliwa mara mamia kana kwamba iliwahusu. Kampuni ya Purdue Pharma ilipoanza kuuza OxyContin mwaka 1996, ilidai kuwa kidonge hicho, kinachotoa oksikodoni polepole, hakiwavutii sana waraibu. Kumbe kikisagwa kilitoa dawa yote kwa mkupuo, jambo lililogunduliwa mapema katika wilaya za makaa ya mawe za Appalachia, ambako majeraha ya migodini yalikuwa mengi. Mwaka 2007 kampuni dada yake ilikiri mahakamani kwamba dawa hiyo ilitangazwa kwa udanganyifu.

Watu wazima wengi walianza na maumivu ya kweli, kisha wakazunguka kwa daktari huyu na yule, au wakasafiri hadi kliniki za Florida zilizouza vidonge kwa fedha taslimu. Vijana walifuata njia nyingine: baadhi walipewa dawa baada ya kung'olewa magego ya mwisho, lakini wengi walipata kwa rafiki au jamaa vidonge vilivyobaki kabatini, wakaviamini kwa sababu vilitoka duka la dawa. Uraibu wa kijana, kwa hiyo, ulikuwa kivuli cha tiba halali ya mzazi.

Mwaka 2010 OxyContin ilibadilishwa ili isisagike kirahisi, na sehemu ya watumiaji ikahamia heroini. Tangu takriban 2013 fentanili, opioidi ya maabarani yenye nguvu mara nyingi zaidi ya heroini, ikaenea sokoni. Utumiaji wa vidonge miongoni mwa wanafunzi ulipungua, ilhali vifo vya vijana vitokanavyo na kuzidisha dawa viliongezeka zaidi ya maradufu kati ya 2019 na 2021, vingi vikisababishwa na fentanili, ambayo katika baadhi ya visa ilikuwa imefinyangwa na kupigwa chapa ili ifanane na kidonge halisi cha oksikodoni.