Linux ya laivu: ijaribu bila kugusa diski ya mwenye kafe

Wadau, hapa Kilindoni swali ninaloulizwa sana kuhusu Linux ni hili: nikiijaribu kwenye kompyuta ya kafe, mafaili ya watu hayatafutika? Jibu fupi: hayafutiki, ilimradi ujue tofauti ya kujaribu na kusakinisha. Nayaweka hapa maelezo yote ili ukiyahitaji siku yoyote uyakute.

Tuanzie Mlimani

Kwetu Linux si mgeni. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilikuwa na mradi wa Kilinux, wa kuleta programu huria kwa Kiswahili. Mwaka huohuo ikatoka Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Orodha ya maneno ya kukagulia tahajia ilitokana na kazi ya Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton, Kenya. Kazi ile haikupotea, maana kikagua tahajia cha Kiswahili kipo mpaka leo kwa watumiaji wa LibreOffice, mrithi wa OpenOffice.

Ila programu ya Kiswahili hainyooki bila watu wa kuijaribu na kusema neno hili limekaa vibaya. Na wengi wetu hatuna kompyuta zetu wenyewe. Hapo ndipo laivu inapotufaa.

Laivu ni nini?

Ni mfumo mzima unaowaka kutoka kwenye flashi na kufanya kazi ndani ya RAM. Diski ya kompyuta inabaki ilivyo. Ukizima, kila ulichofanya kinayeyuka. Knoppix ya Mjerumani Klaus Knopper, iliyotoka mwaka 2000, ndiyo iliyoipa njia hii umaarufu. Ubuntu ikafuata mwaka 2004, na toleo lake la 6.06 la Juni 2006 likaweka laivu na kisakinishi kwenye CD moja. Wakongwe wanazikumbuka CD za bure za Ubuntu zilizokuwa zikija kwa posta hadi 2011. CD ile ilibeba MB 700 tu. Leo faili la Ubuntu 24.04 linazidi GB 5, kwa hiyo ni flashi ya GB 8 kwenda juu.

Hatua zenyewe

1. Omba ruhusa kwa mwenye kafe. Ukiwa ndani ya laivu unaweza kufungua diski ya mashine na kuona mafaili ya watu, kwa hiyo hili ni suala la uaminifu. Usiifungue.

2. Pata faili la ISO. Kulishusha kwa bando la simu ni kuumizana. Mtu anayekwenda Dar akuletee kwenye flashi yake, hata akirudi na boti ya Nyamisati. Kunakili Debian au Ubuntu na kugawana ni halali kabisa.

3. Hakikisha faili ni zima. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika: certutil -hashfile jina.iso SHA256. Linganisha namba na ile ya tovuti ya Debian au Ubuntu. Zikitofautiana hata herufi moja, litupe.

4. Liandike kwenye flashi kwa Rufus. Angalia vizuri, flashi hiyo itafutwa yote.

5. Washa mashine ukibonyeza F12, F9 au Esc, kutegemea aina yake, uchague flashi. Kama Windows imefungwa kwa BitLocker, usiguse mipangilio ya BIOS. Inaweza kudai ufunguo wa kuokolea, na mwenye kafe akiwa hana, kazi ipo.

6. Mashine za zamani sana za biti 32 zina shida: Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi chake.

Jaribio la kwanza

Ndani ya laivu ya Debian, ukiwa na intaneti, fungua dirisha la amri uandike: sudo apt update, kisha sudo apt install hunspell-sw. Fungua LibreOffice, chagua lugha ya Kiswahili, andika barua. Maneno yaliyokosewa yatapigiwa mstari. Zima na uwashe tena: kikaguzi hakipo. Hiyo ndiyo laivu.

Ukitaka kazi ibaki, tenga sehemu ya pili ya flashi uiite persistence, weka ndani yake faili la persistence.conf lenye mstari huu: / union. Halafu ongeza neno persistence kwenye mstari wa kuwashia. Rufus nayo inaweza kukutengea sehemu hiyo.

Vitu vya majaribio

Debian ina ngazi. Stable ni ya kazi. Testing ni toleo lijalo. Unstable, jina lake siku zote sid, inabadilika kila kukicha. Experimental si mfumo kamili, ni ghala la vifurushi vinavyoongezwa juu ya sid. Ubuntu nayo ina LTS kila miaka miwili, na matoleo ya katikati yanayohudumiwa miezi 9 tu. Vya majaribio vikae kwenye flashi. Mashine yenye hesabu za duka au mitihani ya shule ipewe stable au LTS.

Mstari mwekundu

Ukibonyeza kitufe cha kusakinisha, umetoka kwenye laivu. Ukichagua kufuta diski yote, Windows na mafaili yake vinaondoka. Umeme ukikatika ukiwa kwenye laivu, unapoteza ulichokuwa hujahifadhi. Ukikatika katikati ya kusakinisha, mashine inaweza isiwake tena. Kwa hiyo nakili mafaili kwanza, tena sehemu mbili, na tumia laptopu yenye betri nzima.

Haya si mambo ya kujifurahisha tu. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Mwenye kafe atalazimika kuamua. Kijana aliyekwisha jaribu kwa laivu, akajua kama wifi na printa ya pale vinakubali, atakuwa na jibu la kumpa.

Mdau, kama mashine yako imegoma kuwaka kwa flashi, taja aina yake na RAM yake hapo chini kwenye maoni, tusaidiane.