Gia zilizofichwa ndani ya habu

Tarehe 21 Oktoba 1976, kundi la vijana lilipanda kilima jirani na mji wa Fairfax, California, kisha wakashindana kushuka kwa baiskeli. Njia ilikuwa ya vumbi na mawe, ikiporomoka karibu mita 400 katika mwendo usiofika kilomita nne. Baiskeli zao zilikuwa kuukuu, nyingi za miaka ya 1930 na 1940, zenye tairi nene na breki ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, ile inayokamata ukirudisha pedali nyuma. Walipofika chini habu zilikuwa zimepata moto hadi grisi ikatoa moshi, na ilibidi zifunguliwe na kupakwa grisi upya. Ndiyo maana mbio hizo zikapewa jina la Repack, yaani kupaka upya, na ni miongoni mwa machimbuko ya baiskeli za milimani.

Breki moja ilitosha kushukia. Kupandia kilitakiwa kitu kingine, kwa hiyo vijana hao wakafunga gia za nje: sprokiti (vigurudumu vyenye meno ya kushika cheni) kadhaa zilizopangwa nyuma, na mkono mdogo unaoning'inia karibu na ardhi ukihamisha cheni kutoka moja hadi nyingine. Ni nyepesi na hupoteza nguvu kidogo sana. Viwanda vikafuata, na kwa miaka mingi baiskeli ya milimani ikawa ni baiskeli ya gia za nje.

Lakini gia za ndani ya habu zilikuwapo tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 mjini Nottingham, Uingereza, Frank Bowden alikuwa anamiliki Raleigh, kampuni ambayo baiskeli zake nyeusi za chuma wazee wengi wa Afrika Mashariki wanazikumbuka. Bowden alipata haki za uvumbuzi wa habu ya gia tatu, na mwaka 1902 ikazaliwa kampuni iliyokuja kujulikana kama Sturmey-Archer, kwa majina ya Henry Sturmey na James Archer. Mtu wa tatu alibaki nyuma ya pazia. William Reilly alikuwa ameshabuni habu ya gia mbili, lakini mkataba wake ulimfunga asiweze kuuza uvumbuzi mpya kwa jina lake. Gia tatu alizozibuni zikasajiliwa kwa jina la Archer, rafiki yake wa kazini.

Utaratibu wake ni wa werevu. Gia ndogo ya katikati imekazwa kwenye ekseli na haizunguki. Vigia vidogo vinaizunguka kama sayari zinavyolizunguka jua, vikiwa vimezingirwa na pete yenye meno kwa ndani. Kinachobadilika ni sehemu gani inapokea nguvu ya cheni na sehemu gani inalisukuma gurudumu. Katika habu ya AW ya Sturmey-Archer, iliyotoka mwaka 1936, gia ya pili huzungusha gurudumu sawasawa na sprokiti. Gia ya kwanza hulizungusha robo tatu ya mzunguko huo, na ya tatu mzunguko mmoja na theluthi. Yote hayo yamefungiwa ndani ya chuma, na cheni inabaki kwenye mstari mmoja ulionyooka.

Faida hiyo huonekana hasa kwenye matope. Mkono wa gia za nje hugonga mawe, hunasa vijiti na kukusanya udongo, na ukipinda kidogo tu cheni huanza kurukaruka. Habu haina kitu cha kuning'inia. Pia mwendeshaji anaweza kubadili gia akiwa amesimama, jambo linalomwokoa anapokwama katikati ya kilima akiwa kwenye gia nzito.

Hata hivyo gia tatu ni chache mno kwa milima. Jibu lilitoka Ujerumani. Bernhard Rohloff, ambaye kampuni yake ilianza kwa kutengeneza cheni, alizindua habu ya Speedhub mwishoni mwa miaka ya 1990. Ina gia 14 zinazopishana kwa kiwango kilekile cha asilimia 13.6, na gia ya juu kabisa ni zaidi ya mara tano ya ile ya chini. Matunzo yake yanashangaza kwa uchache: oili kidogo tu, inayobadilishwa kila kilomita 5,000 au mara moja kwa mwaka. Mwaka 2008 Mskoti Mark Beaumont alimaliza kuizunguka dunia kwa siku 194 na saa 17, akiwa na habu hiyo kwenye gurudumu la nyuma.

Ubaya wake usifichwe. Bei inapita euro elfu moja. Uzito wa karibu kilo mbili umekusanyika kwenye gurudumu la nyuma, na mwendeshaji huuhisi anaporuka mashimo. Zaidi ya hayo, ikiharibika ndani si kila fundi wa kando ya barabara atakayethubutu kuifungua.

Ndiyo maana fikra hiyo imechukua sura nyingine barani Afrika. Baiskeli za Buffalo za shirika la World Bicycle Relief, zinazotumika Kenya, Malawi na Zambia, zina toleo la gia mbili na cheni mbili. Mwendeshaji akirudisha pedali nyuma kidogo, gia inabadilika, bila waya wala mkono wa kuning'inia. Utaratibu wenyewe umo kwenye friwili, si ndani kabisa ya habu, lakini shabaha ni ileile: baiskeli inayovumilia mzigo, vumbi na barabara mbovu.

Anayeshindana kwa sekunde ataendelea kuchagua gia za nje, na ana haki. Kwa mtu anayeitegemea baiskeli kila siku kwenye njia ya udongo, gia za ndani ndizo chaguo bora, mradi awe na fedha za kuzinunua na fundi anayezielewa.